KIJANA NA ASHIKE KIPIMO CHAKE

Malengo ya nafsi na tiba ya vijana walioguswa na vita

Mgonjwa wa malaria akifika zahanati, muuguzi humwekea kipimajoto kwapani na kusoma namba. Aliyevunjika mguu hupigwa picha ya eksirei, na baada ya majuma kadhaa hupigwa nyingine, mfupa ukaonekana kama umeunga au bado. Lakini kijana ambaye usiku haumpitii bila ya kugutuka akipiga mayowe, au yule aliyeacha kusema na watu wa nyumbani mwao tangu mwaka uliopita, apimwe kwa chombo gani? Ameketi na mshauri nasaha mara kumi. Mshauri anasema kijana anaendelea vyema. Mama yake anasema hajaona badiliko lolote. Shirika linalolipa gharama linataka tarakimu. Na kijana mwenyewe, ambaye ndiye mwenye maumivu, hakuulizwa.

Swali hili si la wataalamu peke yao. Katika jiji kama Bujumbura, ambako hapana mtaa usiokuwa na vijana waliobeba mambo mazito kuliko umri wao, ni swali la mzazi, la mwalimu, la kiongozi wa mtaa, na hata la sisi tuvaao sare. Katika makala haya twakusudia kueleza njia moja ya kupima nafuu ya kijana aliye katika tiba ya mazungumzo. Njia yenyewe ni hii: kijana ataje lengo lake kwa kinywa chake, kisha lengo hilo ndilo liwe kipimo. Tutaonyesha ilikotoka, namna inavyotumika, na mahali inapoteleza; maana inateleza pia, na yafaa tuseme.

MZIGO ULIOACHWA NA VITA

Vita vilizuka nchini Burundi baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye tarehe 21 Oktoba 1993. Mkataba wa Amani wa Arusha ulitiwa saini tarehe 28 Agosti 2000, lakini bunduki hazikunyamaza siku ile. Ilipita miaka mingi ya mazungumzo na mapigano, hata kundi kubwa la mwisho likaweka silaha chini mwaka 2009.

Watoto waliingizwa katika vita hivyo. Wako waliobeba bunduki, wako waliobeba maji, risasi na masufuria. Waliofuatana na askari wakiwatumikia waliitwa "doriya", neno lililochukuliwa katika Kiswahili chetu cha "doria". Kati ya mwaka 2003 na 2006 watoto wapatao 3000 walitolewa katika majeshi na makundi yenye silaha na kurudishwa makwao. Watoto wale leo ni watu wazima, na wengi wao wana watoto wanaokwenda shule. Nyuma yao wamekuja wengine: waliokimbia pamoja na wazazi wao baada ya machafuko ya mwaka 2015, wakakulia katika kambi za wakimbizi nchini Tanzania na kwingineko, kisha wakarejea katika mitaa ambayo hawakuitambua tena.

Ni kweli kwamba jiji hili halikukaa mikono mitupu. Ipo hospitali ya magonjwa ya akili ya Kamenge, inayohudumia wagonjwa kutoka pande nyingi za nchi. Kipo Kituo cha Vijana cha Kamenge, ambacho wakati wa miaka mibaya kiliwakutanisha vijana wa mitaa ya kaskazini iliyokuwa ikichinjana, na kazi hiyo ikakipatia tuzo ya Right Livelihood mwaka 2002. Na katika miaka ya 2000 shirika la HealthNet TPO la Uholanzi, likifanya kazi na wataalamu Warundi, lilifungua huduma za ushauri kwa watoto na familia zilizoguswa na vita. Huduma zilikuwapo, ingawa chache. Shida iliyobaki ni kujua ni nani zimemfaa, na zimemfaa kwa kiasi gani.

BUTI ZA NAMBA MOJA

Njia iliyozoeleka ni hojaji ya wote. Kila kijana huulizwa maswali yaleyale: je, umelala vibaya juma hili? Je, umekosa hamu ya chakula? Je, picha za mambo ya zamani hukujia bila ya kuziita? Kila jibu hupewa alama, alama hujumlishwa, na jumla ya mwanzo hulinganishwa na jumla ya mwisho. Njia hii ina sifa zake. Inawezesha kulinganisha shule na shule, mkoa na mkoa, tena inamzuia mwenye mradi kujisifu bila ya ushahidi. Hatuna nia ya kuibeza.

Hata hivyo, angalia jambo lililotokea hapa hapa nchini. Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika shule za Burundi na watoto 329 wenye umri wa miaka 8 hadi 17. Kundi moja lilipewa vikao 15 katika muda wa majuma matano: michezo, michoro, maigizo na mazungumzo ya pamoja, vyote vikiwa vimepangwa kwa utaratibu. Kundi la pili lilingoja zamu yake. Hesabu zilipofanywa, wastani haukuonyesha tofauti ya wazi baina ya makundi hayo mawili. Anayesoma mstari huo mmoja angeweza kufunga daftari na kusema kazi ilikuwa bure. Lakini watafiti walipochambua ndani ya makundi, waliona kwamba watoto waliokuwa wakiishi katika kaya kubwa, na wale waliokuwa na wazazi wote wawili, walipata nafuu katika mambo kadhaa, yakiwamo ya huzuni. Kwa wengine haikuwa hivyo. Wastani ulikuwa umewafunika wote kwa blanketi moja.

Mfano ulio karibu nasi ni wa ghala la kikosi. Afisa wa ugavi akipokea jozi mia za buti, zote za namba 42, huenda wastani wa miguu ya askari wake ukawa ni 42 kweli. Lakini mwenye mguu wa 39 atatembea na malengelenge, na mwenye wa 45 hatazivaa kabisa. Taarifa ya ghala itaandika kwamba kila askari amepata buti, wala haitakuwa imesema uwongo. Aulizwe askari anayechechemea.

Watafiti wenyewe waliliona jambo hilo mapema. Mwaka 2012 ilichapishwa kazi ya namna nyingine kuhusu watoto wa Burundi waliokuwa wakipokea ushauri nasaha. Badala ya kuwajumlisha, watafiti walimfuata mtoto mmoja mmoja na kumpima mara nyingi, kabla ya ushauri kuanza, wakati ukiendelea, na baada ya kwisha. Mtoto alilinganishwa na nafsi yake ya jana, wala si na jirani yake. Njia za watoto hao hazikufanana, na namna mshauri alivyoketi na mtoto na kumsikiliza ilionekana kuwa na uzito wake. Kutoka hapo, hatua ya kufika kwenye lengo la kijana mwenyewe ni fupi.

LENGO LITOKE KINYWANI MWAKE

Fikra ya kupima tiba kwa malengo ya mgonjwa si ya jana. Mwaka 1968 wataalamu wawili wa Marekani, Thomas Kiresuk na Robert Sherman, waliokuwa wakifanya kazi Minnesota, walitoa njia ambayo kwayo kila mgonjwa huandikiwa malengo yake, na kila lengo hupewa ngazi tano. Ngazi ya katikati, yaani sifuri, ni matokeo yanayotarajiwa. Juu yake kuna moja na mbili, kwa anayevuka matarajio. Chini yake kuna hasi moja na hasi mbili, kwa anayepungukiwa. Sharti lake ni kwamba kila ngazi iandikwe mapema, kwa maneno ambayo mtu mwingine anaweza kuyathibitisha kwa macho.

Baadaye, nchini Uingereza, mwanasaikolojia Duncan Law aliirahisisha fikra hiyo kwa ajili ya watoto na vijana. Kijana na mshauri wake hukubaliana juu ya malengo yasiyozidi matatu. Kila lengo huwekwa kwenye mstari wa alama kutoka 0 hadi 10: sifuri maana yake safari haijaanza, kumi maana yake amefika. Siku ya kwanza kijana huonyesha mahali alipo, na katika vikao vifuatavyo huonyesha tena. Alama ikipanda kwa mbili na nusu hivi au zaidi, wataalamu huhesabu kwamba pana badiliko la kweli, wala si mtikisiko wa siku moja njema. Huko London tena, mnamo mwaka 2004, kilitolewa kipimo kiitwacho PSYCHLOPS, ambacho humtaka mgonjwa aandike kwa maneno yake mwenyewe tatizo linalomsumbua zaidi, na jambo analoshindwa kulifanya kwa sababu ya tatizo hilo. Kipimo hicho kilifika Afrika Mashariki. Kilitumiwa jijini Nairobi katika utafiti wa wanawake 421 waliokuwa wamepatwa na ukatili, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2017. Na waliotoa msaada katika utafiti ule walikuwa wahudumu wa kawaida wa jamii waliofundishwa kazi hiyo, wala si madaktari.

Ili msomaji aone njia yenyewe ikitembea, tuchukue mfano wa kubuni, usiomhusu mtu yeyote. Tuseme yupo kijana wa miaka 17, anakaa Kinama, ni mwanafunzi wa useremala katika karakana moja ya Buyenzi. Ameletwa kwa mshauri na shangazi yake kwa sababu ni mkali na hasemi na mtu. Shangazi akiulizwa shabaha ni nini, hujibu mara moja: "Awe na adabu." Fundi wake hujibu: "Aache kupigana." Kijana akiulizwa, hunyamaza siku ya kwanza, hunyamaza siku ya pili. Siku ya tatu asema mambo matatu. La kwanza, anataka kulala hadi alfajiri bila ya kuamsha nyumba nzima. La pili, anataka kuweza kusikia nyundo ikianguka sakafuni bila ya kushika kitu cha kumpigia mtu. La tatu anasita kulisema. Halafu asema anataka kula chakula cha jioni pamoja na wadogo zake, kwa maana kwa muda wa mwaka mzima amekuwa akila peke yake nyuma ya nyumba.

Tazama tofauti. Hakuna katika hayo matatu neno "adabu". Lakini mwenye kuyasoma ataelewa mara moja kwa nini kijana anapigana. Ni mlio unaomshitua, wala si ubaya wa moyo. Lengo lake limekuwa kipimo, na papo hapo limekuwa taarifa ambayo hojaji ya wote isingeileta, kwa kuwa hakuna hojaji duniani iliyo na swali juu ya nyundo ya karakana. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Sasa apewe mstari wake. Usingizi: 2. Nyundo: 1. Chakula cha jioni: 0. Baada ya majuma manne, usingizi umefika 5, nyundo 3, chakula kimebaki 0. Mshauri asiye na kipimo angesema kijana anaendelea vyema, akaridhika. Mwenye kipimo ataona kwamba mlango mmoja haujafunguka, atauliza kuna nini pale mezani. Huenda akaambiwa kwamba mdogo wake anafanana na mtoto aliyekufa njiani mbele ya macho yake. Sifuri hiyo ndiyo iliyomwongoza mshauri mahali penyewe.

Jambo la pili ni faida kwa kijana mwenyewe. Nafuu ya nafsi huja polepole, na anayeipata mara nyingi ndiye wa mwisho kuiona. Akionyeshwa daftari lake, kwamba mwezi wa tatu aliandika 2 na leo ameandika 6, anaiona safari yake kwa mwandiko wake. Haba na haba hujaza kibaba, lakini ni lazima mtu aweze kuchungulia kibabani.

UGONJWA WA KUSEMA "NDIYO, AFANDE"

Kwa kijana aliyepita katika vita, njia hii ina maana nyingine iliyo nzito zaidi. Katika jeshi lolote, shabaha hutoka juu. Kamanda huiweka kwenye ramani, naye askari huitekeleza bila ya kuuliza kama ingempendeza yeye. Ndivyo inavyopasa kuwa kwa askari mtu mzima, aliyejiunga kwa hiari yake na kula kiapo. Lakini mtoto wa miaka 12 aliyechukuliwa njiani hakula kiapo chochote. Kwa miaka kadhaa aliamka, akatembea, akala na kulala kwa shabaha za watu wengine, na kuuliza kungeweza kumgharimu maisha. Mtoto kama huyo akiulizwa ghafula, "Wewe unataka nini?", swali lenyewe ni geni. Atatazama uso wa muulizaji ili asome humo jibu linalotakiwa.

Ndiyo maana kumwuliza lengo lake si utangulizi wa tiba. Ni sehemu ya tiba. Siku anapokataa lengo aliloandikiwa na mshauri na kusema, "Hapana, hilo si langu," siku hiyo ameanza kurudi nyumbani.

Lakini hapo hapo pana mtego. Waliofundishwa kutii watataja lengo litakalompendeza mkubwa: nitasoma kwa bidii, nitawaheshimu wazazi, nitakuwa raia mwema. Maneno mazuri, matupu kama debe. Mshauri mwelevu hayakatai wala hayaandiki upesi. Huuliza: "Siku utakayokuwa umefika, tutakuona unafanya nini ambacho leo hukifanyi?" Swali hilo huliteremsha lengo kutoka hewani likakanyaga udongo. Wanaume wa nchi hii wana msemo wa Kirundi usemao "Amosozi y'umugabo atemba aja mu nda", yaani machozi ya mwanamume hutiririkia tumboni. Kijana aliyelelewa katika msemo huo hatasema anataka kulia. Atasema anataka tumbo liache kumwuma. Na liandikwe hivyo hivyo.

MANENO YA WENYEWE

Jambo hilo latufikisha kwenye lugha. Watafiti walioichunguza Burundi pamoja na sehemu za Kongo ya mashariki na Sudan Kusini, ambao kazi yao ilichapishwa mwaka 2013, waliwauliza wananchi wa vijijini wanayaitaje maradhi ya akili. Wenyeji wa Burundi walitofautisha "ibisazi", yaani wazimu unaoonekana na kila mtu, na "akabonge", huzuni ya mtu aliyefiwa au kupoteza, ambaye hujitenga na wenziwe. Kwa huzuni ya namna hiyo wananchi hawakukimbilia hospitalini. Waliona dawa yake ni ndugu na majirani.

Kaskazini mwa Uganda wenzetu walifanya vivyo hivyo. Vijana 314 wenye umri wa miaka 14 hadi 17, waliokuwa katika kambi za waliohamishwa na vita huko Gulu, walishiriki katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007. Kipimo kilichotumika kilijengwa kwa maneno ya Kiacholi yenyewe, kama "kumu" na "par", na kwa kuwauliza wenyeji ni kazi zipi ambazo kijana mzima hutarajiwa kuzifanya. Wasichana waliopata tiba ya mazungumzo katika makundi walipata nafuu kubwa ya huzuni. Kwa wavulana nafuu haikuwa ya wazi. Hilo nalo ni somo: mvulana na msichana wa kambi moja, wenye umri mmoja, huenda wasipimike kwa rula moja.

Lengo la kijana wa Bujumbura basi liandikwe kwa lugha aliyolisemea, iwe Kirundi au Kiswahili cha Buyenzi. Likitafsiriwa kwa Kifaransa cha ofisini, "kula na wadogo zangu" hugeuka kuwa "kuimarisha mahusiano ya kifamilia", na kijana hatalitambua tena likisomwa mbele yake.

MAHALI PANAPOTELEZA

Tulisema tangu mwanzo kwamba njia hii ina mitego. Tuitaje kwa uwazi, kwa kuwa silaha usiyoijua kasoro yake hukusaliti uwanjani.

Mtego wa kwanza ni umaskini. Vijana wengi wakiulizwa lengo watasema: kupata karo, kupata cherehani, kupata kazi. Hayo ni malengo halali, lakini mshauri hana karo mfukoni mwake. Mwaka 2012 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliowafuatilia waliokuwa askari watoto 452 nchini Burundi, pamoja na vijana wenzao 191 ambao hawakupata kubeba silaha, wote wakiwa wamepewa msaada wa kujiendeleza kiuchumi. Kufikia mwaka 2010 makundi hayo mawili hayakutofautiana tena katika mambo yaliyopimwa. Habari njema ilioje! Ila utafiti huohuo ulionyesha kwamba aliyekuwa na hali duni ya maisha ndiye aliyekuwa na huzuni nyingi zaidi. Tumbo na moyo ni majirani. Mshauri anapaswa kuliandika lengo la riziki, kisha atafute nani wa kushirikiana naye, wala asijifanye kwamba mazungumzo yatazaa cherehani.

Mtego wa pili ni matukio ya nje. Tuseme kijana mwingine wa mfano amejiwekea lengo la kujitegemea kwa kubeba abiria kwa baiskeli, na amepanda hadi alama 7. Mwezi Machi 2022 baiskeli, pikipiki na bajaji za abiria ziliondolewa katikati ya jiji. Alama ya kijana kama huyo ingeshuka hadi 2 kwa siku moja, na nafsi yake haikuugua hata kidogo. Asiyeuliza sababu ya namba atamhesabu kuwa amerudi nyuma.

Mtego wa tatu ni kugeuza alama kuwa mshahara. Siku mshauri atakapoambiwa kwamba mkataba wake unategemea alama za vijana wake, malengo yatakuwa mepesi ghafula, na kila mtu atafika 10 kabla ya Desemba. Mwanafunzi akijiwekea lengo la kufika kituoni saa tatu, naye anakaa mlango wa pili, amefaulu nini? Alama ni za kumwongoza kijana na mshauri wake. Mkubwa akizitaka kwa ajili ya kutuza au kuadhibu, amezichafua.

Mtego wa nne ni wa hatari zaidi. Kijana anaweza kupanda katika malengo yake yote matatu, na huku moyoni anafikiri kujiua, kwa kuwa jambo hilo hakulitaja na hakuna aliyeuliza. Kwa hiyo hojaji ya wote isitupwe. Iulize maswali yale magumu ambayo kijana hawezi kuyaanzisha mwenyewe: kuhusu kifo, kuhusu vileo na bangi, kuhusu kupigwa au kunajisiwa nyumbani. Kipimo cha wote ni ulinzi wa kambi. Kipimo cha nafsi ni dira ya msafiri. Havitoshani, wala kimoja hakikai badala ya kingine.

Mtego wa mwisho ni mgongano wa malengo. Mzazi ana lake, mwalimu ana lake, kijana ana lake. Tulimwona shangazi akitaka adabu. Hatakiwi kupuuzwa, maana ndiye anayelisha nyumba, na hukaa na kijana siku sita ambazo mshauri hayupo. Yafaa lengo lake liandikwe katika ukurasa wake, kwa jina lake, na lipimwe. Lisiandikwe katika ukurasa wa kijana likaitwa la kijana.

LINAWEZEKANA HAPA

Huenda msomaji akadhani haya ni mambo ya nchi tajiri. Lakini tuhesabu gharama. Daftari moja, kalamu moja, mstari wenye alama kumi na moja, na mtu mwenye subira ya kunyamaza mpaka ajibiwe. Asiyejua kusoma anaweza kupewa ngazi iliyochorwa, au vijiwe kumi mezani avisogeze kwa mkono wake. Kilicho ghali ni mafunzo ya washauri na wasimamizi wao, pamoja na kabati lenye kufuli. Maana daftari lililo na malengo ya kijana likisomwa na majirani, hatalifungua tena.

Vituo vya vijana, shule, makanisa na misikiti ya jiji hili vina watu ambao vijana huwaendea wakiwa na shida. Hao hawatakuwa waganga wa akili, wala wasijaribu kuwa. Kijana aliyezidiwa apelekwe hospitali bila ya kuchelewa. Lakini kila mmoja wao anaweza kuacha desturi ya kumwambia kijana yampasayo kabla ya kumwuliza ayatakayo. Wazazi nao wanaweza. Si lazima mtu awe na cheti ili amwulize mwanawe, jioni, bila ya ukali: ni jambo gani moja ungependa liwe tofauti kufikia Krismasi, au kufikia Idi? Kisha akumbuke jibu, na baada ya mwezi aulize limefika wapi.

Wafadhili na wakubwa wa ofisi wataendelea kutaka jumla na wastani, na wapewe, kwa sababu fedha ya watu yahitaji hesabu. Lakini pembeni ya jumla hiyo yawekwe malengo yenyewe, kwa maneno ya wenyewe, bila ya majina yao. Mkubwa atakayesoma kwamba vijana arobaini wamepata nafuu kwa asilimia fulani atapiga muhuri. Atakayesoma kwamba mmoja wao sasa anakula na wadogo zake atajua muhuri huo ni wa nini.

Nchi hii iliwahi kuwapa watoto wake shabaha ambazo hazikuwa zao, na matokeo yake tunayajua sote. Deni hilo halilipwi kwa hotuba. Linaanza kulipwa pale mtu mzima anapoketi mbele ya kijana, akamkabidhi kalamu, akangoja.